Kuchagua na kufunga sahani za springi za nyuma zinazopanda na kushuka: mwongozo kwa magari ya Nyanda za Juu Kusini

Gari dogo likipakia watu watano na gunia la viazi kutoka Isyonje kwenda Mwanjelwa, nyuma hukaa, chini hukwangua kila tuta, na mwenye gari huanza kuuliza namna ya kulipandisha. Huku kwetu njia zinazotumika sana ni tatu: spesa ya kudumu chini ya springi, raba za kupachika katikati ya mizunguko ya springi, na sahani za springi zenye hesi, yaani viti vya springi vyenye mikato kama ya skrubu, ambavyo kimo chake hupanda au kushuka kwa kuzungusha ringi. Hii ya tatu ndiyo bora pale inapofaa, ila wengi huinunua kwa sababu isiyo yake. Sahani hupanga kimo cha gari. Haiiongezei springi nguvu ya kubeba mzigo hata kidogo. Anayelijua hilo kabla ya kutoa hela hujiepusha na sehemu kubwa ya hasara.

Raba za katikati ya mizunguko tuziseme mara moja tuziache. Zinazuia mizunguko miwili mitatu isifanye kazi, kubonyea kote kunahamia kwenye mizunguko iliyobaki, na springi hukatika karibu kabisa na pale raba inapoishia. Usiziweke.

Angalia kwanza springi imekaa wapi

Sahani hizi ni za gari ambalo springi ya nyuma imesimama peke yake, na shokapu imefungwa pembeni yake. Ndivyo zilivyo Toyota IST na Vitz, Honda Fit, Mazda Demio na Volkswagen Golf nyingi. BMW za E36, E46 na E90 nazo springi yake imekaa juu ya mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu na kupanda na kushuka nalo), na shokapu iko mbali nayo. Prado na Surf zina ekseli nzima, springi ya mviringo kila upande. Yote haya yanaweza kupokea sahani ya hesi, juu upande wa bodi au chini upande wa mkono.

Subaru Impreza na Forester, pamoja na Harrier, springi imevikwa kwenye shokapu. Hapo sahani ya peke yake haina pa kukaa. Kinachotakiwa ni shokapu yenyewe iwe na hesi. Pikapu za springi za majani nazo hazihusiki.

Kuna mafundi wanaopenda kuchukua gari la springi ya peke yake na kulifungia nyuma shokapu iliyovikwa springi. Kataa, isipokuwa sehemu ya juu inayoshika shokapu imeongezewa nguvu. Kiwandani ile bolti ya juu ilipimwa kwa nguvu ya shokapu tu, na uzito wa gari ukabebwa na kiti cha springi. Ukiuhamishia uzito wote pale, bati la bodi hupasuka polepole chini ya kapeti ya buti, mahali ambapo hutaliona mpaka uanze kusikia mlio.

Hesabu ya mkono, kabla ya kitu kingine

Kwenye gari lenye mikono, springi haiko sawa na gurudumu. Iko karibu zaidi na bushi ya mkono, pale mkono unapoungana na bodi. Chukua tepe, pima kutoka katikati ya bushi hadi katikati ya springi, kisha kutoka bushi hiyohiyo hadi katikati ya gurudumu. Tuseme umepata mm 300 na mm 450. Gawanya: 300 kwa 450 ni 0.67. Namba hii ina kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kimo. Ukipandisha sahani mm 10, gari kwenye gurudumu hupanda 10 gawa 0.67, yaani mm 15. Anayezungusha ringi mm 25 akidhani ameinua gari mm 25 ameliinua karibu mm 38, na hapo mambo mengine huanza kuharibika.

Kazi ya pili ni nguvu. Nguvu ya springi inayofika kwenye gurudumu ni nguvu ya springi mara namba hiyo mara namba hiyo tena. 0.67 mara 0.67 ni 0.44. Springi ya kilo 6 kwa milimita, yaani inayobonyea mm 1 kwa kila kilo 6, inakuwa kama kilo 2.7 kwa milimita kwenye gurudumu. Sasa weka kilo 200 juu ya ekseli ya nyuma, kilo 100 kila upande. Gari litashuka karibu mm 37. Panda sahani hadi mwisho wa hesi, weka mzigo uleule: litashuka mm 37 zilezile, ila limeanzia juu zaidi. Ukitaka lishuke mm 25 tu, unahitaji kilo 4 kwa milimita kwenye gurudumu, na hiyo ni springi ya kilo 9 kwa milimita. Hapo shida yako ni springi, siyo sahani. Na ukifunga springi ya kilo 9, shokapu ya zamani haitaweza kuizuia isirushe gari likiwa tupu, kwa hiyo bajeti iwe ya vyote viwili.

Kwenye ekseli nzima ya Prado au Surf, magurudumu mawili yakipanda tuta pamoja, milimita moja ya springi ni karibu milimita moja ya gurudumu. Hesabu ni rahisi zaidi.

Springi za Kijapani mara nyingi huandikwa kilo kwa milimita, za Ulaya niutoni kwa milimita, za Marekani pauni kwa inchi. Kilo 1 kwa milimita ni niutoni 9.81 kwa milimita, au pauni 56 kwa inchi. Muuzaji akikupa namba bila kipimo, muulize. 60 inaweza kuwa springi ngumu au laini kupita kiasi kutegemea imeandikwa kwa kipimo gani.

Vipimo vya kwenda navyo dukani

Hapa ndipo penye kazi, na usikubali kuparuka. Simamisha gari mahali tambarare, sakafu ya sementi kama ipo, maana vumbi na kokoto hudanganya. Jaza upepo sawa kushoto na kulia, tanki liwe nusu, buti tupu. Sukuma gari mbele na nyuma mita mbili ili mikono itulie. Pima kutoka katikati ya kofia ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, uandike. Usipime kutoka chini, kwa sababu tairi iliyokwisha au yenye upepo mdogo itakuingia kwenye hesabu.

Kisha nyanyua nyuma kwa jeki, weka stendi mbili chini ya bodi, toa magurudumu. Acha mkono uning'inie huku shokapu imefungwa. Pima nafasi kati ya kiti cha juu na kiti cha chini cha springi, katikati. Hiyo ndiyo nafasi kubwa kabisa ambayo springi itakutana nayo gari linaporuka tuta. Tuseme ni mm 290.

Springi unayoitaka ina urefu wa mm 270 ikiwa huru, na sahani ikiwa imeshushwa mwisho inachukua mm 35. Jumla ni mm 305. Springi itabaki imebanwa mm 15 hata gurudumu likining'inia, na hiyo ni salama. Lakini ukiuziwa springi fupi ya mm 240, jumla ni 275, na mm 15 zinabaki wazi. Springi hiyo itapiga kelele, itajizungusha ikikwangua kiti chake, na siku moja kwenye shimo kubwa itatoka kabisa. Usiondoke na gari ambalo springi yake unaweza kuizungusha kwa mkono likiwa juu ya stendi.

Sasa upande wa pili. Toa springi, weka jeki chini ya mkono, inua mpaka raba ya kugotea iguse na kubonyea vizuri. Pima nafasi ileile. Tuseme mm 150. Toa sahani ya mm 35, zinabaki mm 115 za springi. Springi yenye waya wa mm 13 na mizunguko 7 hubanana kabisa ikifika mm 91. Una nafasi ya mm 24, inatosha. Lakini panda sahani mm 25: nafasi imekuwa mm 90, na mizunguko itagongana kabla raba haijamaliza kazi yake. Chuma kikigonga chuma, kinachovunjika ni springi, kiti cha mkono, au hesi za sahani. Acha angalau mm 10 baada ya raba kubonyea mwisho.

Hesabu hizo mbili, ya kuning'inia na ya kubonyea, ndizo zinazoamua urefu wa springi na kimo cha sahani. Muuzaji asiyekuuliza hata moja anakuuzia kwa jina la gari tu, na gari lililopita mikono mitatu kabla yako huenda limeshabadilishwa shokapu.

Sahani yenyewe: nini cha kuangalia

Kuna sahani zinazopokea springi ya kiwandani, zenye umbo la kiti cha zamani na nafasi ya raba yake. Na kuna zile za springi nyoofu, ambazo kipenyo cha ndani huwa mm 60, mm 65 au inchi 2.5, ambayo ni mm 63.5. Pima kwa kalipa, usikadirie kwa jicho. Springi ya 63.5 juu ya sahani ya 60 huingia bila shida, na ndiyo maana watu huikubali, lakini ina mchezo wa mm 3.5 na itahama kila unapokata kona. Springi ya 60 kwenye sahani ya 63.5 haiingii, na anayeigonga kwa nyundo anaikata rangi na kuikaribisha kutu.

Tazama na ncha ya springi. Springi nyingi za kiwandani ncha yake imejikunja ndani au imeachwa bila kusawazishwa, na hutaka kiti chenye mfereji wa kuipokea. Ukiiweka juu ya sahani bapa, itakaa upande mmoja tu na kusukuma hesi kwa mshazari. Springi nyoofu za sahani bapa huwa zimesagwa ncha zikawa tambarare.

Aluminiamu au chuma? Aluminiamu ni nyepesi na haishiki kutu kama chuma, lakini hesi zake huumia haraka mchanga ukiingia, na ikikutana na ringi ya aluminiamu bila mafuta hung'ang'ania mpaka ukate. Kwa gari linalopita vumbi la Usangu kiangazi na tope la Rungwe masika, chuma kilichopakwa zinki, au bomba la hesi la chuma na ringi ya aluminiamu, ndiyo chaguo letu. Uzito unaoongezeka ni mdogo, hautauhisi kwenye mlima Iwambi.

Kitako cha sahani kiwe kipana. Kiti cha kiwandani husambaza uzito kwenye eneo kubwa la mkono. Sahani ya mm 60 yenye kitako chembamba huukusanya katikati, na mkono wa bati huanza kubonyea. Ukiona kuna ringi pana ya kuwekwa chini yake, usiitupe. Pia lazima kuwe na kitu kinachozuia sahani isihame: bolti inayopita kwenye tundu la mkono, au mdomo unaoingia ndani ya tundu hilo. Kuchomelea sahani kwenye mkono ni kosa. Joto hulegeza bati jembamba, na ufa huanzia pembeni ya weldi.

Juu au chini? Sahani ikikaa juu, upande wa bodi, hesi ziko mbali na tope na mawe, lakini kuzifikia kwa spana ni shida kwenye magari mengi. Ikikaa chini unaifikia kwa urahisi, na tope pia. Kama gari lako ni la barabara ya lami na utapanga kimo mara moja tu, weka juu.

Mkereza vyuma mzuri anaweza kukutengenezea spesa ya kudumu ya aluminiamu au nailoni ngumu, nene mm 15 au 20, na kwa mtu anayetaka kuinua kidogo asiguse tena, hiyo inatosha na ni nafuu kuliko sahani. Hesi kubwa zinazobeba uzito, hata hivyo, usimwachie asiyewahi kuzikata.

Kufunga

1. Weka vizuizi magurudumu ya mbele, achia hendibreki kama nyaya zake hupita kwenye mkono, nyanyua nyuma na uweke stendi chini ya bodi. Jeki peke yake haitoshi.

2. Fungua kishikio cha waya wa ABS na cha mpira wa breki vinavyobanwa kwenye mkono. Weka jeki chini ya mkono, fungua bolti ya chini ya shokapu, shusha jeki polepole. Kwenye bimu (chuma kimoja kinachounganisha mikono miwili ya nyuma, kama cha IST), fungua pande zote mbili ndipo ushushe pamoja. Mpira wa breki usibebe uzito wa mkono hata sekunde moja.

3. Toa springi na raba zake. Safisha kiti cha juu na cha chini kwa brashi ya waya. Angalia kutu, ufa na tundu lililoliwa. Kiti kilichooza hakipokei sahani.

4. Zungusha ringi kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho wa hesi kabla ya kuifunga. Ikikwama, tafuta kinachokwamisha sasa. Kisha zungusha mara 5 kamili na upime imepanda kiasi gani: mm 10 maana yake mzunguko mmoja ni mm 2. Andika.

5. Panga sahani zote mbili kimo kimoja, kwa kalipa, kutoka kitako hadi ringi. Funga lokinati, ile nati inayozuia ringi isilegee, kwa spana yake ya ndoano. Kugonga ringi kwa tindo na nyundo huvunja meno yake, na baada ya mara mbili hakuna spana itakayoshika.

6. Rudisha springi, raba ya kiti cha upande wa pili iwe mahali pake. Hakikisha ncha imekaa kwenye mfereji wake. Inua mkono kwa jeki, ingiza bolti ya shokapu lakini usiikaze.

7. Rudisha magurudumu, shusha gari chini, lisukume mbele na nyuma. Sasa ndipo ukaze bolti za shokapu na za bushi ulizolegeza, gari likiwa limekaa kwa uzito wake, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Bushi ya raba iliyokazwa mkono ukining'inia hubaki imejikunja siku zote. Inaongeza ugumu usioutaka leo, na kupasuka mapema.

8. Pima tena kutoka kofia ya gurudumu hadi madigadi, magurudumu yote manne. Tofauti ya kushoto na kulia ikiwa mm 5 au chini yake, iache. Ikizidi, tafuta sababu kabla ya kuzungusha ringi: springi moja imechoka, bushi imeisha, au bodi iliwahi kupigwa. Kuinua upande mmoja wa nyuma hupeleka uzito kwenye gurudumu hilo na lile la mbele la upande wa pili, na kwenye lami yenye maji gari litavuta upande mmoja ukikanyaga breki.

Baada ya kilomita 300 hivi rudia kipimo. Springi mpya na raba hukaa kidogo.

Tukiambiwa tutaje kiwango, kwa gari dogo lenye shokapu za kiwandani tusingezidisha mm 25 kwenye gurudumu. Kila milimita unayoiinua unaitoa kwenye safari ya shokapu ya kwenda chini. Shokapu ikifika mwisho wake kwa kishindo kila baada ya tuta, sili hukatika na mafuta humwagika.

Vitu vinavyosahaulika

Breki kwanza, kwa sababu ya milima yetu. Hilux na Surf nyingi za zamani, na baadhi ya Prado, zina valvu ya breki za nyuma yenye fimbo inayounganisha ekseli na bodi. Fimbo hiyo hupima mzigo: nyuma ikikaa, valvu huruhusu presha zaidi. Ukiinua nyuma bila kugusa fimbo, valvu inaamini gari ni tupu na hupunguza presha ya nyuma. Unateremka Kitonga na mbao za Mafinga juu, breki za mbele zinafanya kazi yote, zinachemka, na pedali inaanza kuzama. Rekebisha kishikio cha fimbo kwa kimo kilekile ulichoinua, kisha breki zipimwe kabla ya safari.

Taa. Kuinua nyuma mm 25 kwenye gari ambalo magurudumu yake yako umbali wa mm 2,500, kama IST, kunainamisha gari kiasi cha kushusha mwanga sentimita 10 kwenye ukuta ulio mita 10 mbele. Kwenye ukungu wa barabara ya Uyole kwenda Tukuyu huo ni upungufu mkubwa. Panga taa upya. Kama gari lina sensa ya kimo kwenye mkono wa nyuma, fimbo yake nayo irekebishwe. Kuinama huko pia hupunguza kidogo kasta ya magurudumu ya mbele, yaani mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, na usukani huwa mwepesi kwenye mwendo kasi.

Mpira wa breki, waya wa ABS na nyaya za hendibreki: gari likiwa juu ya stendi na mkono ukining'inia, vishike kwa kidole. Kikiwa kimenyooka kama uzi, ni kifupi. Kwenye BMW na magari mengine yenye shafti za nyuma, tazama jointi zisiwe zimepinda sana. Kwenye ekseli nzima yenye fimbo ya kuvuka upande hadi upande, kuinua husogeza ekseli pembeni; pima umbali wa tairi na madigadi kila upande.

Alaimenti ifanywe. Gari la mikono mingi hubadilika kamba (gurudumu kulalia ndani au nje kwa juu) na tou (gurudumu kuelekea ndani au nje kwa mbele) ya nyuma, na tairi huliwa ndani au nje. Bimu ya IST au Vitz haina pa kurekebisha nyuma, ila pima hata hivyo: ikiwa nje ya kipimo, bimu imepinda, na hilo halikuletwa na sahani.

Matunzo

Tope jekundu likikauka kwenye hesi huwa gumu kama tofali. Osha hesi kwa maji na brashi kila baada ya safari ya mvua, na kabla ya kuzungusha ringi safisha tena hata ukiona ni safi. Grisi ya kawaida hushika vumbi na kugeuka msasa. Tumia mafuta makavu ya nta, au grisi ya shaba kidogo sana kisha ufute inayobaki. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kivike juu ya hesi zilizo wazi, kifunge kwa kamba ya plastiki juu na chini, na uache tundu dogo chini ili maji yatoke.

Kila miezi mitatu legeza lokinati, zungusha ringi robo mzunguko kwenda na kurudi, ukaze tena. Ringi iliyokaa mwaka mzima bila kuguswa ndiyo inayokataa. Ikikataa, toa springi kwanza, kwa sababu kuilazimisha ringi iliyokwama ikiwa chini ya mzigo hunyofoa hesi. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, kisha jaribu kwa spana ya ndoano ukianzia upande wa kukaza kabla ya kulegeza. Isipokubali, ikate ringi kwa msumeno wa chuma. Ringi inanunuliwa, lakini bomba lenye hesi likishaharibika, seti nzima imekwisha.